Mwamba Uchi na Mtoto Asiye na Jina

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana simu zilikwishaingia na redio ilikuwa ikilia kila nyumba, palikuwa na kijiji kikiitwa Mchangamle. Mbele ya kijiji hicho palikuwa na mwamba. Ipo miamba yenye bahati: imekingwa na visiwa, imekingwa na mafungu ya mchanga, mawimbi huifikia yamekwisha kuchoka. Huu haukukingwa na kitu. Chochote kilichotoka bahari kuu kiliuvaa mzimamzima. Wazee wakauita Mwamba Uchi, na wasichana wakaona haya kulitaja jina hilo mbele ya wageni.

Wakati wa bamvua, maji yalipokupwa sana, mwamba ulitoka nje, na wanawake wakauendea kwa miguu kuchokoa pweza. Kati ya mwamba na ufuo palikuwa na mkondo. Maji yakipwa, mkondo ulikuwa wa magotini. Maji yakijaa, haukuvukika.

Katika kijiji hicho walikuwapo wanawake watatu. Nisikilizeni niwataje mmoja mmoja, maana mtawahitaji.

Wa kwanza ni Zuwena, aliyetangaza hali ya bahari. Kila alfajiri alisikiliza redio, akafungua simu yake kutazama urefu wa mawimbi, kisha akateremka ufuoni kuona kama bahari inakubaliana na hayo aliyoyasikia. Ndipo akashika kipaza sauti cha ushirika wa wakulima wa mwani na kusema moja kati ya mawili: "Bahari ya leo ni ya kuingia," au, "Bahari ya leo si ya kuingia." Ni kazi isiyo na shukrani. Msimu ule aliwahi kuwakataza watu, nao wakakaa nyumbani, na bahari ikashinda shwari kama uji uliopoa. Akawakataza tena, ikawa vilevile. Wanawake wakamwambia, "Zuwena, pweza wetu umewala wewe kwa mdomo wako."

Wa pili ni Salha, aliyepanda mawimbi. Alikuwa na ubao aliouchonga mwenyewe kutoka mlango wa mkahawa uliofungwa, na kwa ubao huo aliteleza juu ya mawimbi ya Mwamba Uchi akiwa amesimama wima, hijabu imefungwa nyuma ya shingo. Shangazi yake alikuwa akimlilia: "Mwanangu, miguu yote makovu ya matumbawe! Nani atakuoa?" Salha alicheka tu.

Wa tatu ni Bi Mwanakheri. Huyu maneno yake yalikuwa machache, na yote machungu. Alipokuwa msichana, mdogo wake alinaswa na maji juu ya Mwamba Uchi. Kijana mmoja akajitosa kumwokoa bila kungoja, wimbi likawachukua wote wawili. Tangu siku hiyo Bi Mwanakheri hakutia mguu baharini, lakini hakuacha kuitazama. Kila siku alikaa juu ya rasi, macho yakiwa nje kule, kama mtu anayemlinda mwizi asitoroke.

Bi Mwanakheri alikuwa na mtoto mmoja, Hamadi, afanyaye kazi mjini. Na Hamadi alikuwa na mke, jina lake Mize. Mize na mkwewe hawakuivana. Wali wa Mize ulikuwa na maji mengi, ufagio wa Mize ulikuwa mwepesi, kicheko cha Mize kilikuwa kirefu. Na Mize alikuwa mjamzito.

Basi siku hiyo kukapambazuka mbingu safi. Hapana wingu, hapana upepo, jani halitikisiki. Lakini redio ya Zuwena ikasema kulikuwa na dhoruba kubwa kusini mbali, huko ambako hakuna mtu wa Mchangamle aliyefika. Simu ikasema mawimbi marefu yako njiani, yataufikia mwambao kabla ya adhuhuri. Zuwena akateremka ufuoni. Bahari imelala. Akashika kipaza sauti, akakiweka. Akatembea mpaka kwenye banda la mwani, akarudi. Akakishika tena. Akawaza vicheko vya wenzake. Mwisho akasema:

"Bahari ya leo... huenda isiwe ya kuingia. Anayeweza kungoja, angoje."

Huenda! Wanawake wakaangua kicheko. Wakatwaa mikuki yao na matenga yao, wakaenda.

Mize naye alisikia. Siku hiyo hakuwa na utulivu. Tumbo lilimbana, nyumba ilimbana, na asubuhi hiyo mkwewe alikuwa amemwambia jambo kuhusu wali. Akachukua tenga. Njiani akamkuta Salha amekaa juu ya ubao wake, amenuna.

"Salha, shoga yangu," akasema Mize, "wewe ndiye unayeyajua mawimbi. Unaionaje bahari?"

Salha akaitazama. Alikuwa akiyataka mawimbi na hayakuwapo, akakasirika nayo. "Imelala fofofo. Ingekuwa na kitu, mimi ningekuwa ndani. Nenda zako."

Mize akaenda.

Zuwena hakuweza kukaa. Aliingia ndani, akatoka. Alisimama, akachutama. Kila mara aliyaangalia maji, na kila mara maji yalimwonyesha uso ule ule. Kisha akaona, mbali kabisa, mstari. Ulikuwa kama kunjo kwenye shuka. Nyuma yake mstari mwingine, na nyuma yake mwingine.

"Tokeni!" akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Tokeni mwambani! Acheni matenga, tokeni!"

Safari hii hakusema huenda, na sauti yake iliwaingia watu mifupani. Wanawake wakatupa matenga, wakakimbia, wakavuka mkondo wakivutana mikono. Lakini Mize alikuwa mbali kuliko wote, ukingoni, mkono wake umo ndani ya shimo, na pweza amemzunguka mpaka kiwiko. Alipojinasua, wimbi la kwanza likapasuka. Si wimbi la upepo lenye fujo. Lilikuja polepole, likainuka kama ukuta unaojengwa, kisha likaanguka, na ardhi ikatetemeka mpaka vikombe vikalia kwenye kabati za watu. Maji yakapita juu ya mwamba, yakajaza mkondo. Mize akapanda juu ya jiwe moja refu, akashika. Kati yake na ufuo, maji meupe matupu.

Kijiji chote kikakusanyika. Mama yake Mize, Bi Chausiku, alikuwa akijirusha mchangani. Wanaume wakasema, "Tungojeni. Boti ikiingia humo itavunjika vipande. Bahari ikitulia tutamfuata."

Zuwena akasimama katikati yao. "Haitatulia. Mawimbi yatazidi kukua mpaka jioni. Na maji yameanza kujaa. Mkingoja, jiwe lile alilosimama halitaonekana."

"Una hakika," mmoja akamuuliza, "au huenda?"

"Nina hakika," akasema Zuwena.

Salha akauinua ubao wake. Hakuna aliyemwomba. "Nitakwenda mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aende."

Hapo sauti ikatoka juu ya rasi, sauti kavu. Alikuwa Bi Mwanakheri, amesimama, ameshika kanga yake nyekundu mkononi.

"Wewe binti! Huko chini huoni nyuma ya mwamba. Mimi naona. Mawimbi haya huja kwa makundi, kisha hupumua. Yakipumua, nitainua kanga. Nikiinua, nenda. Nisipoinua, usithubutu."

Salha akaingia maji ya kifuani, akalala juu ya ubao, akamtazama.

Wimbi likaja, likapita. Likaja jingine, likapita. Kisha maji yakanyamaza. Watu wakasema, "Sasa!" Bi Mwanakheri hakuinua. Na kweli, likaja wimbi kubwa kuliko yote, likautwanga mkondo ambamo Salha angekuwa.

Maji yakanyamaza tena. Watu wakasema, "Sasa!" Bi Mwanakheri hakuinua. Maji yalikuwa kiunoni mwa Mize. Alikuwa akipiga kelele, na sauti yake iliwafikia: "Mama! Mama Mwanakheri! Inua!" Bi Mwanakheri hakuinua. Bi Chausiku akaparamia rasi, akamshika ukosi. "Unataka afe! Hukumpenda tangu siku aliyoingia kwako! Inua kanga!" Machozi yalikuwa yakimtoka Bi Mwanakheri, lakini kanga ilibaki chini. Wimbi likaja. Mize akaangushwa kwa magoti, akapotea, akaonekana tena amelikumbatia jiwe.

Maji yakanyamaza mara ya tatu. Kanga ikapanda.

Salha akapiga makasia kwa mikono yake kama kichaa. Akavuka mkondo, akalifikia jiwe. "Liachie jiwe, unishike mimi!" Mize hakuachia. Vidole vilikuwa vimegoma. Salha akavibandua kimoja kimoja, akamlaza ubavu juu ya ubao, akageuka kuutazama ufuo, akatazama rasi.

Kanga ilikuwa chini. Bi Mwanakheri alikuwa akitikisa kichwa: bado, bado, wimbi linakuja, kaeni hapo hapo.

Salha akalitazama jiwe. Halikuwapo tena. Maji yalikuwa yamelifunika. Hakuna pa kukaa.

Basi akafanya alilolijua. Akajilaza nyuma ya Mize, akangoja mgongo wa wimbi uwanyanyue, na wimbi lilipopasuka wakaenda nalo, ndani ya povu, hawaonekani, mpaka watu wakaanza kusema Inna lillahi. Kisha ubao ukatoka upande wa pili, ukakwaruza mchanga. Mize yuko juu yake, hai. Salha yuko chini yake, paja limepasuliwa na tumbawe kutoka nyonga hadi goti.

Alasiri hiyo, kabla ya siku zake, Mize akajifungua. Mtoto wa kike, mdogo kama mkate wa mofa, lakini kilio chake kilishindana na bahari.

Hamadi akaja kutoka mjini. Ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Na kijiji kizima kilikuwa na swali moja: nani atakuwa somo wa mtoto huyu? Jina ni moja. Mtu hugawana na somo wake jina, na dua, na nguo ya sikukuu, maisha yote. Watu hawakulala vizuri kwa ajili ya jina hilo. Walibishana kisimani, walibishana sokoni. Bahari nayo haikuwa imetulia sawasawa. Usiku na mchana ilikuwa ikigonga.

Mwalimu wa chuo cha Kurani akakaa mkekani. Mtoto yuko mapajani mwa mama yake. Hamadi akasema, "Mize, uliyesimama juu ya jiwe ni wewe. Chagua wewe."

Mize akawatazama wale watatu. "Semeni," akawaambia. "Nataka kusikia kwa vinywa vyenu."

Zuwena akasema: "Mimi niliyaona kabla hayajaja. Nisingepiga kelele, tungewazika wanawake wengi, si mmoja. Na nisingesema haitatulia, mpaka sasa wangekuwa wanangoja boti. Ilibidi mtu ajue, na mimi nilijua."

Mize akasema: "Ulijua. Lakini asubuhi uliniambia huenda."



Salha akasema, mguu wake umefungwa kitambaa, umenyooshwa mkekani: "Wenzangu walisema, mimi nilikwenda. Na kurudi nilirudi kwa akili yangu. Ningeitii kanga, tungekufa wote watatu, mimi na wewe na huyu."

Mize akasema: "Ulikuja. Lakini niliposimama mbele yako na tenga, uliniambia nenda zako."



Bi Mwanakheri hakutaka kusema. Mwanawe akamsihi. Ndipo akasema, hamtazami mtu: "Ningeinua mapema, huyu binti angekufa mkondoni, na wewe ungekufa ukimtazama. Mimi niliwahi kuona hivyo. Kumzuia mtu asiende, hali unayempenda analia, nani kati yenu angeweza?"

Wote wakageuka kumtazama kwa lile neno, unayempenda, maana hawakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake.

Mize akasema: "Hukuinua. Nilikuita mama na hukuinua. Kila nikifumba macho naiona kanga iko chini." Kisha akasema: "Na kila nikifumbua, namwona mtoto."

Bi Chausiku akamnong'oneza bintiye jina moja. Hamadi, kwa macho tu, akamwomba jina jingine. Nje, wanawake waliokimbia mwambani siku ile walikuwa wakitaja la tatu.

Mwalimu akainama kwenye sikio la mtoto. "Haya, Mize," akasema. "Jina?"

Mize akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi, semeni wenyewe: Zuwena aliyejua, Salha aliyekwenda, au Mwanakheri aliyezuia? Mtoto huyu angeitwa jina la nani?