Chura Alivyomsifu Kiboko

Paukwa! Pakawa! Ah, mnajibu kama mmenyimwa chakula. Paukwa! PAKAWA! Haya sasa. Atakayesinzia simwamshi.

Zamani, maji ya chemchemi yalishuka bondeni kwa upenyo mmoja tu kati ya mawe. Kiboko akaja akaukalia. Puu! Makalio yakaziba kabisa. Juu akaoga peke yake, bondeni matope yakakauka.

Bi Chura, fundi wa zeze, alikuwa na watoto bondeni. Viluwiluwi! Wanatapatapa, maji hayafiki hata kidole. Akapanda na zeze lake, kwi-kwi, kwi-kwi!

"Maji ya nani?"

Wanyama wakaitikia, "Yetu sote!"

"Nani kayakalia?"

"Kiboko!"

Kiboko ndiyo kwanza akajikaza. Askari wake, Mamba, akamdaka Chura, kap! Akambana kati ya meno.

"Mnanisema mimi?" Kiboko akafoka. "Sasa nisifu! Ukikosea neno moja, Mamba anafumba mdomo."

"Nitakusifu, Bwana Mkubwa," Chura akasema. Akaanza humohumo mdomoni, kwi-kwi, kwi-kwi.

"Nani mnene?"

"Kiboko," wakaitikia kwa unyonge.

"Nani mzuri?"

"Kiboko."

"Kumbe naye kanunuliwa!" Swala akalia. Bondeni viluwiluwi wawili walishatulia tuli. Chura aliwaona. Moyo ulimpasuka, lakini akaimba.

"Nani kasifiwa, hatunzi?"

Kimya! Maana kila mtu anajua, ngomani ukisifiwa unainuka, unacheza, unakwenda kumtunza mwimbaji. Ukibaki umekaa, umeaibika mpaka kwa wakweo. Meno ya Mamba yakazama kidogo. Chura akafumba macho.

Nyani, nyuma kabisa, akanong'ona, "Ki-bo-ko."

Wote wakaitikia, "KIBOKO!"

"Mimi bahili? Mimi?" Kiboko akachuma yungiyungi, akainuka, huyoo, anakata kiuno, anakuja kulibandika kwenye paji la Chura. "Mamba, fungua nimtunze!"

Mamba akafungua. Nyuma yao, chwaaaaa!

Maji yakamzoa Chura, yakamshusha bondeni, chubwi, katikati ya wanawe. Wale wawili wakachezesha mikia. Kiboko akakimbilia upenyo wake, akakuta nyati wamejaa tele, midomo majini, hawasikii amri ya mtu.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aende nayo, aliyeichukia aniachie.

Na funzo lake, watoto, shikeni adabu. Msiwaseme wakubwa vibaya, ni dhambi. Wasifuni. Wasifuni sana, mpaka wainuke.