Ufunguo wa Shangazi

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Leo sina hadithi ya kuwabembeleza. Nina mzigo umenilemea siku nyingi, nataka mnipokee. Na wewe unayependa kujibu kabla swali halijaisha, nakufahamu, tulia.

Huko Upare milimani, katika kijiji cha wakulima wa tangawizi, waliishi Mzee Mrutu na mkewe, Bi Nakijwa. Walikuwa na watoto watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Namkunda, binti mkubwa, alijaliwa sikio. Alikuwa akisikia mashine ya kusaga ikikoroma ng'ambo ya bonde, anakwambia mkanda unakaribia kukatika, na kweli unakatika. Kiangi, wa pili, alijaliwa mkono. Kitu kikishaingia mkononi mwake hakitoki mpaka kimepona. Wa mwisho, Tumsifu, binti mwembamba, alijaliwa kunyamaza. Msicheke. Hata kwao walicheka, wakasema hicho si kipaji, ni uvivu wa mdomo.

Mzee alikuwa pia na pikapu ya kijani, kuukuu, iliyomzidi Namkunda umri. Watu waliiita Shangazi, kwa kuwa ilikuja inapotaka, ikaondoka inapotaka, na hakuna aliyethubutu kuisema. Kila alipopanda kutoka mjini, mzee akifika kona ya mwisho alipiga honi moja ndefu. Bi Nakijwa akiisikia anateleka chai. Mzee anazima gari uani, chai imeiva. Mapenzi yao yalikuwa hayo. Sijawahi kuwasikia wakiambiana maneno mengine.

Basi mzee akaugua, akalazwa hospitali huko chini mjini. Bi Nakijwa miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kushuka kumwona. Akawa anauliza habari kwa kila anayepanda mlima. Hatimaye daktari akawaita watoto pembeni, akawaambia dawa zimefika mwisho, wamchukue akapumzike nyumbani. Mzee aliposikia watakodi gari, alikataa.

"Nikifika na gari la watu, mama yenu atajuaje ni mimi? Nileteeni Shangazi." Kisha akaongeza, nusu anatabasamu: "Atakayenifikisha kwa mama yenu, Shangazi ni wake."

Baba yao mdogo, Sempombe, alikuwa amekaa kitandani pale pale. Alilisikia neno hilo, akaliweka.

Watoto wakarudi nyumbani, na asubuhi iliyofuata wakateremka na Shangazi. Bi Nakijwa mwenyewe ndiye aliyejaza petroli kutoka kwenye dumu la nyumbani, akawafungia tangi. Kushuka hakukuwa na taabu. Mteremko ni mrefu, gari linajiendea lenyewe kwa gia, petroli hailiwi kitu. Hospitalini walimlaza baba nyuma kwenye godoro, chini ya turubai, kwa kuwa hakuweza kukaa. Tumsifu akakipakata kichwa chake. Namkunda akashika usukani, akazungusha ufunguo.

Tak. Basi, hakuna zaidi.

"Betri imekufa," akasema Kiangi. "Nikatafute nyingine."

"Ngoja kwanza, mdogo wangu. Zungusha ufunguo tena." Namkunda akainama juu ya injini, akafumba macho. "Betri nzima. Nguvu inapotea njiani. Sikiliza, kuna kitu kinachechemea pale waya unaposhikana na bodi."

Kiangi hakusikia lolote, wala mimi nisingesikia. Lakini waya ulipofunguliwa, mwisho wake ulikuwa umeota kutu ya kijani. Namkunda akachukua kijiko cha uji wa baba, akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Shangazi akawaka kwa mpigo mmoja. Pasipo sikio lile wangeshinda pale uani mwa hospitali, wakitafuta betri wasiyoihitaji.

Wakaanza kupanda. Kwenye kona za mwanzo mlimani Shangazi akaanza kukohoa, akazimika. Wakangoja, akawaka. Akaenda kidogo, akazimika tena. Mvua ikaanza kunyesha juu ya turubai, na pumzi za mzee zikawa fupi.

"Hazimiki ghafla," akasema Namkunda. "Anafifia. Ni njaa hiyo, petroli haifiki."

Kiangi akafungua boneti, akachomoa mpira wa petroli kwenye kabureta. Mkavu. Akapuliza, petroli ikachuruzika kidogo, mpira ukakauka tena. Hakukuwa na muda wa kufungua kila kitu. Chini ya kiti baba alikuwa akiweka chupa ya petroli ya dharura. Kiangi akaifunga boneti wima kwa kamba, akapanda juu ya madigadi, akajishikiza kwa mkono mmoja kwenye injini, na kwa mkono wa pili akawa anaidondoshea kabureta petroli tone kwa tone, gari likienda. Namkunda alitoa kichwa dirishani ili aione barabara. Ni wazimu, na mtu asiige. Injini ilichemka, kiganja kikaungua, ngozi ikabaki kwenye chuma. Kiangi hakuachia. Kona baada ya kona, mlima ukapandwa kwa mkono ule, mpaka chupa ikaisha.

Shangazi akazimika, na kijiji bado hakijaonekana.

Kiangi alikuwa ameketi kando ya barabara ameshika mkono wake, Namkunda anaufunga kwa mtandio. Ndipo Tumsifu akakilaza kichwa cha baba taratibu, akashuka na chupa kwenda kuvuta petroli kwenye tangi.

Kifuniko cha tangi la Shangazi kilikwishapotea zamani. Siku zote mdomo wa tangi ulizibwa kwa kitambaa. Safari hii Tumsifu alikuta nailoni, nailoni nyingine juu yake, kisha kipande cha kanga kimezungushwa na kufungwa kwa fundo dogo lililokazwa kwa meno. Akalifungua. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama ya mtu aliyezuiwa kupumua. Akaelewa palepale. Hewa isipoingia, petroli haitoki. Tangi lilikuwa limenyongwa.

Na fundo alilijua. Ndilo lililofunga magunia ya tangawizi ya nyumbani. Ndilo lililomfunga yeye mgongoni alipokuwa mtoto. Mama alikuwa ameziba asubuhi ile kwa nguvu zake zote, maji ya mvua yasiingie yakamchelewesha mume wake.

Mzee alikuwa akimtazama. "Kanga ya nani hiyo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kitambaa tu, baba."

"Naijua," akasema mzee, akafumba macho. "Usiitupe."

Tumsifu akaificha kanga kifuani. Akaweka gazeti mdomoni mwa tangi, limelegea, akagonga kebini. "Jaribu sasa, dada. Lilikuwa limebana."

Hakusema zaidi. Shangazi akawaka, akapanda bila kukohoa hata mara moja, kama alivyokuwa akipanda ujana wake.

Lakini muda ulikwishaliwa kule njiani. Kabla ya kona ya mwisho, kichwa kile mapajani mwa Tumsifu kikawa kizito. Mzee Mrutu alikata roho mabati ya nyumba yake yakiwa yanaonekana kupitia migomba. Tumsifu angeweza kugonga kebini. Hakugonga. Namkunda, asiyejua lolote, akafika kwenye kona, akapiga honi, ndefu, kama ya baba.

Na kule nyumbani Bi Nakijwa akateleka chai.

Walipoingia uani alikuwa amesimama mlangoni, amejishikiza kwenye mwimo, kikombe kiko mkononi. Tumsifu ndiye aliyeshuka kwanza. Mama alimtazama usoni, akajua. Kikombe hakikuanguka, alikiweka chini polepole, kana kwamba mtu amelala asiamshwe. Akapanda nyuma ya pikapu na miguu yake ile, hakuna anayejua alipandaje, akakaa na mumewe.

Baadaye akauliza, "Mbona mmechelewa? Alizimika njiani?"

Namkunda akafungua mdomo. Tumsifu akamtangulia. "Amezeeka tu, mama."

"Maana tangi nililifunga vizuri. Niliogopa mvua isiingie."

"Ndiyo, mama," akasema Tumsifu. "Mvua haikuingia."

Siku ya kuanua matanga, Sempombe akaweka ufunguo mezani, akalitoa lile neno. Namkunda akasema, na machozi yanamtoka: bila yeye wasingetoka hospitali. Kiangi aliweka tu mkono mezani, vidole havikunjuki hadi leo. Wakamgeukia Tumsifu. "Na wewe ulifanya nini?"

Mama yake alikuwa ameketi pale pale, anamtazama.

"Nilimshika baba kichwa," akasema.

Wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akauliza: je, Mrutu alifika, au haukufika ila mwili? Kama hakufika, ufunguo hauna mwenyewe. Wakabishana mpaka wakachoka, wakauacha ufunguo kwa mama.

Bi Nakijwa naye ametangulia sasa, amelala ubavuni pa mumewe, bila kujua. Ndiyo maana Tumsifu amenionyesha kile kipande cha kanga, na ndiyo maana leo nasimulia. Shangazi bado amesimama kwenye banda la bati, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Ufunguo nimekabidhiwa mimi, huu hapa, niutoe kwa anayestahili.

Namkunda aliyesikia? Kiangi aliyeshika, na bado analipa? Au Tumsifu aliyefungua fundo, akaiacha honi ipigwe, na akapoteza gari kwa neno moja aliloweza kulisema akakataa? Na mkimpa Tumsifu, mtawaeleza nini wenzake kuhusu mama yao?

Nyosheni mikono, lakini taratibu. Mimi nimeshindwa. Wewe ungeuweka ufunguo huu mkononi mwa nani?