Shingo Safi

Wewe hapo, usitazame pembeni. Ukipewa picha nzuri ya mnyama, na unyasi mmoja umekatiza shingoni ukaharibu kila kitu, utaufuta au utauacha? Jibu haraka. Wanaojibu polepole huwa wanatafuta jibu la kupendeza, na la kupendeza sijaliuliza.

Palikuwa na watu watatu katika kambi moja ya watalii huko kusini, ambako mbwa mwitu bado wapo. Atanasi Kihwele, mwongoza wageni, alijaliwa macho: angekuonyesha sikio la mnyama ndani ya kichaka ambacho wewe ungeapa ni kichaka tu. Eliaichi, mpiga picha, alijaliwa subira: angelala kifudifudi juani mpaka mnyama asahau kwamba yupo. Salme, msafishaji wa picha, alijaliwa mkono mwepesi. Picha ikimfikia ina tairi la gari, chupa ya maji au kiwiko cha mgeni, ilitoka kwenye kompyuta yake ikiwa pori tupu, kana kwamba binadamu hajaumbwa.

Walikuwa na desturi yao. Picha haitoki kambini mpaka wameitazama wote watatu na kila mmoja ametamka, "Iende." Mmoja akinyamaza, haiendi. Waliipenda sana desturi hiyo, maana iliwafanya wajione waaminifu bila kuwagharimu chochote.

Kundi la mbwa mwitu la pale liliongozwa na jike waliyemwita Shangazi, kwa jinsi alivyowapangia wengine nani ale na nani angoje. Ndiye pekee aliyezaa katika kundi lile, na msimu huo alikuwa na mimba kubwa. Ghafla akaanza kubaki nyuma ya wenzake. Habari zikamfikia daktari wa wanyama, Dokta Nkinda, aliyekuwa peke yake na gari moja kwa pori lisilo na mwisho. Huyo aliamua aende wapi kwa kutazama picha alizotumiwa. Kumchoma mjamzito sindano ya usingizi ni hatari, alisema, kwa hiyo kwanza aione sababu. Wampelekee picha.

Atanasi ndiye aliyempata Shangazi. Aliona manyoya ya shingo yamejibana, na chini yake unyevu ambao si jasho. Alijua anachokiona. Lakini garini walikuwamo wageni, na mwenye kambi alishakataza neno mtego lisitamkwe mbele yao, wasije wakakosa hamu ya chakula. Akawaambia kwamba mama mjamzito huchoka. Wakamwonea huruma, wakacheka kidogo. Naye akajisemea moyoni kuwa picha itasema yenyewe.

Eliaichi ndiye aliyempiga picha. Ndani ya lenzi aliona mstari mwembamba umekatiza shingo. Angeweza kuukuza palepale aujue ni kitu gani, hakuukuza. Mwanga ulikuwa umetulia, jike amemkazia macho kama mtu mwenye neno, na picha ya namna hiyo hairudi tena. Alitaka mstari uwe unyasi, basi ukawa unyasi. Akamwagiza Salme auondoe, akasema picha hiyohiyo ndiyo itakayokwenda kwa daktari, kwani yeye hampelekei mtu uchafu.

Salme ndiye aliyeisafisha. Alipomaliza, shingo ilikuwa nyororo kama ya mbwa aliyeumbwa asubuhi ile.

Wakaitazama wote watatu. Eliaichi akasema iende. Salme akasema iende. Atanasi, ambaye macho yake hayakuwahi kumdanganya, akakohoa, akasema iende.

Dokta Nkinda akajibu kwa maneno mawili: shingo safi. Akageuza gari kwenda kwa mnyama mwingine.

Shangazi alikufa kwenye mdomo wa shimo alilokuwa akilichimba ili azalie. Waya wa mtego ulikuwa umeingia mpaka kooni. Watoto walifia tumboni mwake. Kundi lilizunguka pale likilia kwa ile sauti yao nyembamba kama ya ndege, kisha likatawanyika, kila mmoja na njia yake. Ama ile picha, ilikuwa imeshatundikwa mapokezi, na wageni walikuwa wakisimama kando yake kupigwa picha.

Dokta Nkinda akaja na ule waya, akauweka mezani. Akawaeleza kuwa mkuu wa hifadhi ameamuru mmoja wao aondoke na asikanyage pori tena.

"Nikiwafukuza nyote nitabaki kipofu," akasema. "Nipeni jina moja."

Hapo elimu ikafunguliwa kama mwavuli. Eliaichi alieleza kwamba kuondoa vitu vinavyovuruga jicho ni kazi ya kawaida dunia nzima, na kwamba yeye alitaja unyasi, hakutaja waya. Atanasi akasema mambo ya kompyuta hayajui.

"Kaka Atanasi," Eliaichi akamwambia, "wewe unayeona sikio kichakani, leo shingo nzima imekupita?"

"Na wewe je, na lenzi yako ndefu kama bomba la moshi?"

Salme alikuwa bado anautazama waya.

"Niliukuza, Daktari," akasema. "Nyasi haziwi na kutu. Nilijua ni waya. Nikajiambia, hawa wawili wamemwona ana kwa ana. Wakisema ni unyasi, mimi ni nani? Nikaufuta."

Wale wawili wakainamisha macho. Mmoja wao alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Haya, nimewafikisha mezani. Walioona jambo pale shingoni ni watatu, waliosema iende ni watatu, aliyefumbua kinywa ni mmoja, na Dokta Nkinda anasubiri. Wewe uliyejibu haraka pale mwanzoni, na wewe uliyejifanya hukusikia: mtampa jina la nani?