Nadhiri Niliyoiweka Chini ya Mpilipili

Jumanne ya tarehe kumi na nane Novemba, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nyoka wa kijani aliniuma kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia. Nataja saa kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama, na kwa sababu tangu hapo kila dakika ilikuwa na maana. Sikilizeni polepole, msinikatize. Nikifika mwisho nitawauliza jambo moja, na jambo lenyewe mimi limenishinda.

Kwanza muwajue watu watatu waliokuwa nami shambani, kila mmoja na simu yake.

Hiza, mtoto wa mjomba wangu, alikuwa na simu ya kisasa kuliko zote kijijini. Aliuza pikipiki yake ili kuipata. Kamera yake huona gizani, na picha ukiikuza huoni ukungu. Simu ile haina hata tundu la kuwekea laini. Laini imo humo humo ndani, imefungwa na kampuni.

Kaka Kiondo, jirani yetu na msimamizi wa mavuno, alikuwa na simu ya miaka sita. Kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, chaji haimalizi mchana, na kamera inaona kila kitu kama kupitia moshi wa jikoni. Lakini laini yake ni ya kampuni pekee ambayo mnara wake unaonekana kutoka Jiwe la Juu, mwamba ulio mlimani juu ya mashamba yetu. Pale bando linashika.

Bibi Mwanakombo, dada wa marehemu bibi yangu, alikuwa na kitochi. Hakipigi picha, hakina mtandao. Kina tochi na namba za watu ishirini na wawili, na kikichajiwa Ijumaa hufika Ijumaa nyingine. Hata bondeni, ambako simu nyingine hufa, kitochi hicho hubaki na mstari mmoja wa mawasiliano.

Nami, Stumai, nilikuwa na simu mbili, na hakuna iliyonisaidia. Ya zamani niliiacha nyumbani ikichajiwa. Mpya ilikuwa ndani ya mkoba, bado kwenye boksi lake. Nilikuwa nimeinunua siku nne kabla, toleo lililotoka baada ya lile la Hiza, na kwa siku nne nilishindwa kulifungua boksi, maana ile ya zamani haikuwa na kasoro hata moja. Nilikuja nalo shambani ili Hiza alione. Alilishika, akaligeuza, halafu akasema kwamba mwezi mmoja tu uliopita yeye ndiye alikuwa mtu wa mbele, leo tayari ameshazeeka. Bibi akamwambia asijali, kwenye uzee atapata wenzake. Tulicheka sana. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokumbuka cha siku ile.

Sasa, sisi wavunaji wa pilipili manga tuna desturi. Mpilipili hutambaa juu ya mti mwingine mpaka juu kabisa, na ndani ya majani yake hukaa nyoka mmoja mwembamba wa kijani, asiye na sumu. Hatumuui. Kabla ya kupanda, unagonga ngazi mara tatu na kupiga hodi, naye husogea. Tangu utotoni sijaona mtu akimwogopa. Tunamwita mwenyeji.

Nilipiga hodi. Niligonga mara tatu, nakumbuka vizuri, nikapanda vipago kumi na kimoja, nikapeleka mkono kwenye kichala cha pilipili. Nilihisi kama nimechomwa na pasi. Nilipotazama, nyoka alikuwa anapanda juu, bila haraka, mrefu kuliko nilivyomzoea mwenyeji.

Nilishuka. Kaka Kiondo alinitazama kidole, akaona vitone viwili vya damu, akacheka kwa upole. Alisema ni mwenyeji tu, pengine nilimkanyaga mkia, ninawe kwa maji na nikae kivulini. Bibi naye alikubali. Hata mimi, niliyesoma chuo kikuu, nilikubali, kwa sababu nilitaka sana iwe kweli. Tulipoteza dakika kumi na moja pale, wao wakimalizia gunia, mimi nikihesabu vidole vyangu na kujiambia kwamba bado navihisi vyote.

Saa tisa na dakika thelathini na moja ulimi wangu ulianza kuwasha kama nimetafuna pilipili mbichi. Nilikuwa sijatia hata punje mdomoni.

Hiza alikuwa amempiga nyoka picha. Hakufanya hivyo kwa ajili yangu. Alitaka kuiweka mtandaoni ili watu waone uwezo wa kamera yake. Nyoka alikuwa ameshafika juu kabisa, kwenye giza la majani, lakini Hiza aliikuza picha, akaikuza tena, akaniletea akijisifu kwamba hata magamba yanahesabika. Kisha akaitazama vizuri. Akamwita Kiondo. Kichwa kilikuwa kirefu na chembamba, jicho dogo. Mwenyeji ana kichwa kifupi na macho makubwa, kila mtoto wa kwetu analijua hilo.

Kaka Kiondo alikaa chini. Nilipomwona msimamizi wetu akikaa chini, ndipo nilipoogopa kweli.

Hospitali ya wilaya ina gari moja la wagonjwa. Kila wiki wanapigiwa simu kuhusu nyoka wa kijani, na kila wiki ni mwenyeji. Kiondo alimfahamu daktari wa pale tangu mkewe alipojifungua, na alijua kwamba bila ushahidi gari halitoki. Picha ilikuwepo, lakini simu ya Hiza pale Jiwe la Juu haishiki kitu, na laini ya Kiondo isingeweza kuingia ndani yake. Ilibidi picha irushwe kutoka simu mpya kwenda ile mbovu, wakiwa wameziweka pamoja juu ya gunia kama watu wanaonong'onezana. Ile mbovu ilikwama mara mbili. Kope zangu zilikuwa zimeanza kuwa nzito, nami niliogopa kuzifumba.

Kabla Kiondo hajaondoka, nilisema. Walisikia wote watatu.

"Naweka nadhiri. Atakayeniokoa, simu iliyo kwenye mkoba wangu ni yake. Naitoa kwa mmoja, mbele ya Mungu, na nyie ni mashahidi."

"Usiseme maneno makubwa ukiwa na hofu, mjukuu wangu," Bibi alisema.

Lakini nilikuwa nimeshayasema.

Hiza ndiye aliyepiga picha. Bila yeye tungebaki pale tukiamini ni mwenyeji mpaka pumzi zinikatike. Hayo alikuwa ameshayatimiza kabla sijaweka nadhiri, na baada ya hapo alinifunga mkono kwa kilemba cha Bibi, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, akavunja kijiti na kukifunga pembeni ili mkono usikunjike. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba angekuwa na pikipiki yake, sasa hivi tungekuwa tumevuka nusu ya njia. Kumeza mate kulikuwa kumeanza kunipa taabu.

Kiondo ndiye aliyeipeleka picha. Njia ya Jiwe la Juu ni dakika thelathini kwa mtu anayepanda kawaida. Yeye alitumia kumi na saba. Alifika na chaji ya asilimia nne. Aliituma picha, akapiga simu, akaeleza. Saa kumi na dakika nne daktari alijibu: koboko wa kijani, mgonjwa asitembee hata hatua moja, gari linaondoka sasa na muuguzi mwenye dawa, dereva ampigie nani? Kiondo aliandika namba ya Bibi, akaituma, na simu ikazima mkononi mwake. Haijawaka tena mpaka leo. Aliporudi goti lake lilikuwa linavuja damu, na hakukumbuka alianguka wapi.

Walinilaza juu ya ngazi, ile ile niliyopandia, wakatandika magunia, wakaibeba Hiza mbele na Kiondo nyuma. Tulielekea barabarani. Hakuna aliyemuuliza Bibi kama simu yake imewashwa.

Haikuwashwa. Bibi huizima akiwa kazini ili chaji isiishe. Dereva alikuwa amempigia mara mbili bila kumpata.

Saa kumi na dakika thelathini na tano niliona kope zangu hazifunguki tena zenyewe. Nilimwambia Bibi, kwa ulimi usionitii, kwamba namtaka mama. Bibi alikitoa kitochi kwenye pindo la khanga yake na kukiwasha ili ampigie mama aje kuniaga. Sitawaficha, hicho ndicho alichokusudia. Aliniambia mwenyewe baadaye. Kikaita mkononi mwake kabla hajabonyeza namba hata moja.

Dereva alikuwa njia panda. Ramani ya simu yake ilimwonyesha apite darajani, na tayari alikuwa amekata kona. Daraja lile lilichukuliwa na maji Jumamosi. Ramani ilikuwa haijapata habari. Bibi alikuwa nazo.

"Rudi nyuma, mwanangu," Bibi alimwambia. "Shika njia ya kiwanda kilichofungwa. Ukiona shimo la upande wa kushoto, usilikwepe, huko pembeni ndiko kubaya zaidi. Pita katikati yake."

Bibi ndiye aliyelileta gari. Kwa dakika thelathini na saba hakukiondoa kitochi sikioni. Alimtajia dereva kila kona, kila mti uliolala, kila nyumba yenye mbwa, huku akitembea kando ya ngazi yangu na kunigusa shavu kila nikinyamaza. Bibi ana miaka sabini na mitatu. Mimi nilikuwa naisikia sauti yake tu. Niliishikilia ile sauti, kwa kuwa niliamini ikikatika nami nakatika.

Saa kumi na moja na dakika kumi na mbili tuliona taa za gari. Dakika mbili baadaye sindano iliingia. Kutoka kuumwa hadi dawa, dakika mia moja na kumi na nne. Daktari aliniambia kwamba pumzi zangu zilikuwa zimeshaanza kuwa fupi, na kwamba nusu saa zaidi asingependa kuizungumzia.

Nilibaki hai. Mkono umevimba hadi begani, lakini napumua.

Asubuhi yake, Jumatano, saa moja kasoro robo, watatu wale waliingia wodini pamoja. Boksi lilikuwa kwenye mkoba chini ya kitanda. Hiza ndiye aliyelibeba njia nzima, na hakulitaja. Nililitaja mimi. Niliwaomba kila mmoja aseme la moyoni.

Hiza alisema hana haja ya simu ya pili, ila akiiuza hiyo angeweza kuirudisha pikipiki, na akikumbuka jinsi jana alivyobeba ngazi, haoni tena aibu kuitaka. Nilimuuliza kama anajuta kuiuza. Akasema angekuwa na pikipiki asingekuwa na picha, na bila picha asingejua kwamba kuna haja ya kukimbia.

Kiondo alisema yeye jana aliharibikiwa na vitu viwili, goti na simu, na goti litapona. Kisha akasema nisimfikirie sana, kwani ndiye aliyeniambia ninawe kwa maji.

Bibi alisema simu ile hata akipewa hataweza kuisikia ikiita. Nikapumua kidogo, nikidhani wamebaki wawili. Ndipo aliposogea karibu na kitanda.

"Lakini nadhiri haiulizi nani anataka. Inauliza nani kaokoa. Na usifikirie kuiuza ugawe hela, hukuahidi hela. Ukimpa asiyestahili, Stumai, mzigo ni wako, si wetu."

Niliitazama mikono yangu. Wa kulia ulikuwa mzito kama si wangu, na ncha za vidole bado hazihisi shuka. Daktari anasema zitarudi. Mimi kila nikizigusa nawaza labda zinasubiri kuona nitafanya nini.

Niliwaomba wakanywe chai. Walipotoka, nililivuta boksi kwa mkono wa kushoto, nikaliweka katikati ya kitanda mahali ambapo wodi nzima ingeliona, nikawasimulia wanawake wa vitanda sita vilivyobaki, dakika kwa dakika, kama nilivyowasimulia ninyi. Mwenye kitanda cha dirishani alisema ni Hiza, kwa kuwa macho hutangulia miguu. Aliyemfuata alimkatalia: Hiza aliuza pikipiki iliyokuwa inahitajika, na picha yake ingeoza bondeni bila simu mbovu. Wa tatu alisema hao wote wawili walilitoa gari tu, aliyelifikisha ni mwenye kitochi. Wa nne akauliza kwa nini mtu aliyeizima simu yake wakati wa hatari apewe simu nyingine. Walipandishiana sauti mpaka muuguzi akaja, naye akaingia upande wa Kiondo.

Nyayo za watatu wale nazisikia zikirudi ukumbini. Boksi liko mbele yangu, na vidole vyangu bado ni baridi. Ninyi mliosikia yote, mngeliweka mikononi mwa nani?