Kadi Juu ya Picha

Mwanamke mmoja alikuwa na binti mmoja, shamba la maharage mwisho wa mfereji, na mkono unaojua kuchora. Jina lake Nakijwa. Wanaolima mwisho wa mfereji kule milimani wanajua maana yake: maji yakifunguliwa kwenye ndiva, lile bwawa la udongo lililochimbwa na mababu juu ya kijiji, yanapita kwa wengine wote ndipo yakufikie wewe. Yakipungua, wewe ndiye wa kwanza kujua. Nakijwa alijua. Siku moja alipanda juu kutafuta udongo wa kukandika jiko, akakuta nyuma ya ndiva, katikati ya magugu, mfereji mwingine. Ulikuwa mpya, umechimbwa vizuri, na ulikuwa unakunywa. Akaufuata mpaka ukamfikisha kwenye shamba la tangawizi la Kirumbuyo, mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu aliyechaguliwa kuhakikisha kwamba hakuna anayeiba maji.

Nakijwa akalisema jambo hilo mkutanoni, mchana kweupe, mbele ya watu. Kirumbuyo hakukasirika hata kidogo. "Huyu dada yetu ni mchoraji," akawaambia, "na wachoraji huona vitu." Watu wakacheka. Mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Dada, si uuchoree na mamba basi!" Wakacheka tena. Ndiva haikuwa mbali. Mtu angekwenda na kurudi kabla chai yake haijapoa. Hakuna aliyeinuka.

Baadaye kamati ikataka kitabu cha watoto wa chekechea, ili wajifunze kutunza maji wangali wadogo. Mwalimu Senkondo akaandika maneno. Yalikuwa mafupi na matamu: Ndiva yetu imejaa. Kila mtu ana zamu yake. Maji yetu yanatutosha sote. Nakijwa akapewa achore. Alitaka kukataa, kisha akakumbuka jambo ambalo kila mchoraji wa vitabu vya watoto analijua. Mtu mzima anayemsomea mtoto huweka macho yake kwenye maneno. Mtoto asiyejua kusoma huweka ya kwake kwenye picha. Ni vitabu viwili ndani ya jalada moja. Picha ikirudia maneno, mtoto anasinzia. Picha ikisema lile ambalo maneno yamelinyamazia, mtoto anaamka na kuanza kuuliza.

Basi akachora. Ukurasa wa kwanza aliijaza ndiva kama ilivyosemwa. Ukifunua, maji yameshuka upana wa kidole, yameacha alama ya unyevu ukutani. Nyuma ya migomba akapitisha mstari mwembamba wa buluu. Ukifunua tena, ndiva imeshuka zaidi na mstari umenenepa, kama kupe anavyonenepa shingoni mwa ng'ombe. Watu wote aliowachora aliwapa mgongo mstari ule, kila mmoja na jembe lake, kila mmoja na tabasamu lake, ili anayeutazama awe mtoto peke yake. Ukurasa wa mwisho maneno yalisema, Sote tunashukuru. Nakijwa akachora tope lililopasuka, chura amekaa juu yake kinywa wazi, na mbali kabisa tangawizi ya kijani iliyosambaa mpaka ukingoni mwa karatasi.

Kamati ikakipitisha. Senkondo aliwasomea kwa sauti, nao wakasikiliza jinsi watu wanavyosikiliza muhtasari wa kikao kilichopita. Kirumbuyo alipekua kurasa kwa kidole gumba, akasema rangi zinapendeza.

Watoto waliuona mfereji siku ya kwanza. Binti wa Nakijwa, Namkunda, ndiye aliyeuwekea kidole: "Mwalimu, nani anakunywa huku nyuma?" Kuanzia hapo darasa zima likawa linagombania kuugusa, wanaufuata mstari kwa vidole kutoka jalada hadi jalada, wanarudi nyumbani na swali lile lile. Jirani wa Nakijwa, Mama Mbazi, akaja mpaka kwenye ua wake.

"Shoga, mwanangu ananiuliza maswali."

"Mjibu."

"Nimjibu nini? Sisi zamu yetu ni ya asubuhi, na asubuhi anaigawa yule bwana. Huo mfereji wako nimeuona, tena nimeuona kabla yako. Nyamaza."

Nakijwa hakuvunjika moyo. Wazazi wa watoto wale alishawasamehe, au alishawazika moyoni. Kwa watu wa namna hiyo hakuna tofauti kubwa. Yeye alikuwa akitazama watoto. Alijiambia kwamba watakua, na kijiji kitakuwa na rika zima lililoona, na rika zima huwezi kulichekea mkutanoni.

Watu walitegemea Kirumbuyo akichome kitabu. Mjinga angekichoma. Yeye alikwenda shuleni amevaa vizuri, akaketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kidevuni, akasikiliza darasa likisoma. Kisha akamuuliza Senkondo swali moja: kati ya hawa, wangapi wanasoma kweli? Watoto walikuwa wanaangalia picha na kubuni maneno. Na uchungu uko hapa, msiupite haraka: Kirumbuyo alisema kweli. Mtoto anayeokota maneno kwenye picha hachoki kubuni, na herufi hazijui. Senkondo alifundishwa hivyo chuoni na alijua hivyo kwa macho yake. Kirumbuyo akakata kipande cha karatasi ya manila, ukubwa wa picha, akamkabidhi. "Ifunike, mwalimu. Wakishajua kusoma, utaiondoa." Senkondo hakuwa mtu mbaya. Aliifunika.

Wengine wakaanza kusoma. Namkunda akabaki nyuma. Kila akikwama neno alikuwa anainua ukingo wa kadi achungulie, anachapwa kidole, anakwama tena. Wenzake wakampa jina, Chungulia, wakawa wanamwita hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Akarudi analia, akasema hataki shule. Ni mama gani angevumilia? Nakijwa akakata ubavu wa katoni ya sabuni, akaketi na mwanawe mlangoni, akafungua kitabu mapajani, na kwa mkono wake mwenyewe, ule ule uliochora, akaifunika picha. "Acha kuchungulia, mwanangu. Soma." Ikawa hivyo jioni baada ya jioni, mtoto akisukuma silabi kama anayesukuma mkokoteni kilimani, mpaka ulimi ukafunguka. Siku Namkunda aliposoma ukurasa mzima bila kusimama, Nakijwa alipiga kigelegele ambacho Mama Mbazi alikisikia kwake, akakiitikia.

Siku ya kufunga mwaka watoto walisimama mbele ya wazazi, wakasoma kwa pamoja. Kadi ilikuwa imeondolewa; haikuwa na kazi tena. Maji yetu yanatutosha sote, wakasoma, sauti moja, kifua mbele. Wazazi wa mwisho wa mfereji walikuwa wamefika moja kwa moja kutoka mtoni bondeni, kwa kuwa maji hayakuwafikia tangu maharage yalipotoa maua. Viti havikutosha. Wakaketi juu ya madumu yao ya maji, wakapiga makofi. Baadhi walifuta machozi ya furaha. Nakijwa naye alikuwa ameketi juu ya dumu, naye alianza kupiga makofi, kisha mikono yake ikasimama hewani.

Alimshika mtoto mkono, wakaenda nyumbani. Akamketisha, akafungua kitabu, picha iko wazi yote, ndiva imeshuka, mstari wa buluu umenenepa nyuma ya migomba.

"Unaona nini hapa?"

Namkunda akashusha macho chini ya picha, kwenye maneno, akayasoma vizuri sana. Mama yake akamwambia hapana, si hayo. Akakichukua kile kidole kidogo, akakiweka juu ya mstari wa buluu, pale pale kilipokuwa kikikimbilia chenyewe. Akakisukuma taratibu mpaka ukingoni. "Na hapa?"

Mtoto alitaka kumfurahisha mama yake. Akainama, akatazama kwa makini kama mwanafunzi mzuri, akaupekua ule mstari mwanzo hadi mwisho akitafuta herufi.

"Hapo hapajaandikwa kitu, mama."

Maharage yalikauka. Mwaka uliofuata Kirumbuyo aliujengea mfereji wake saruji, akiwa na mafundi, watu wakipita na kumsalimia. Juu yake akasimika kibao: Mradi wa Maji ya Wote. Watoto wakienda shule husimama pale na kukisoma kwa sauti, na Namkunda ndiye anayekisoma haraka kuliko wote.

Nanyi mnaosoma haya bila kukwama, ni lini mara ya mwisho mliona kitu ambacho hakuna aliyewaandikia?