Mpira wa Mwisho wa Wahunzi

Hadithi ninayo, ila leo msinidai sungura wala fisi, maana hii ni ya watu. Huko Marekani kuna mchezo wanaouita mpira wa miguu, ilhali mpira wenyewe una umbo la yai na wanakimbia nao mikononi. Msicheke. Humo watu huumizana kama ndugu wanaogombea urithi.

Katika mji wa Korvale, mji wa viwanda vya chuma, palikuwa na timu iitwayo Wahunzi. Babu zao waliichezea wakitoka zamu kiwandani, masizi yakiwa bado usoni. Nahodha wa mwisho alikuwa Emmett Tuttle, na ndiye aliyebaki na mzigo. Alikuwa na wachezaji watatu aliowategemea. Lonnie Prewitt alijaliwa mkono: akirusha mpira, unafika alikoutuma. Casimir Wolak alijaliwa kifua, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya Lonnie asiangushwe. Roscoe Dade alijaliwa miguu, akikimbia mbele kudaka kilichorushwa.

Mwaka huo tajiri mwenye timu alitangaza kwamba wakikosa ubingwa, ataihamishia mji mwingine wenye jua na uwanja mpya. Viwanda vya Korvale vilikwisha kufungwa, na mji haukuwa na kingine cha kujivunia. Tena Wahunzi walikuwa na ugonjwa wao wa tangu zamani: kutoka uwanjani kabla ya filimbi, hata umevunjika, kwao ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Fainali ikaelekea ukingoni, Wahunzi wako nyuma. Casimir alikuwa amegongwa kichwa tangu mapema. Emmett alimwona anakwenda kujipanga na wapinzani, akamshika mabega, akamgeuza.

"Casimir, uko sawa?"

"Nioneshe tu pa kusimama, Nahodha."

Akamwonesha. Majitu ya upande wa pili yakamvamia, na hakuna lililopita.

Lonnie naye bega lilikuwa limeteguka. Angeweza kumpa mwenzake mpira akimbie nao. Yeye akarusha, na kilichokatika begani mwake Emmett alikisikia kwa masikio yake. Mkono ule haujainua hata kikombe tangu siku hiyo.

Roscoe aliuona mpira unakuja, akamwona pia beki anayemjia ubavuni. Angejikunja angenusurika, na nani angemlaumu? Akaruka, akadaka, akapigwa angali hewani. Aliangukia ndani ya mstari wa ushindi, mpira kifuani, na hakusimama tena kwa miguu yake.

Korvale wakawa mabingwa, watu wakalia barabarani kwa furaha. Na kabla theluji ya msimu ule haijayeyuka, tajiri akaihamisha timu vilevile. Ahadi ni deni, lakini la tajiri nani wa kulidai?

Sasa sikieni mila ya Wahunzi. Baada ya ushindi, nahodha humkabidhi mpira wa mechi ile mtu mmoja, yule aliyeuleta ushindi. Haugawanywi, hauwekwi kwenye kabati la kioo, na nahodha mwenyewe haruhusiwi kubaki nao. Siku ile waliostahili walikuwa hospitali, basi Emmett akaufungia kabatini, na woga wa kuchagua ukamfanya auache humo miaka mingi. Uwanja ulipoanza kubomolewa, Wahunzi wa zamani walikutana mara ya mwisho katika ukumbi wa kanisa. Emmett alikuja na mpira kwapani.

Lonnie akaanza. "Bila mkono huu hakuna ubingwa. Mwanangu amekua sijawahi kumbeba."

"Wewe ulirusha hujui litakalokupata," Roscoe akamjibu kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu. "Mimi nililiona linakuja, nikaruka."

Casimir alikuwa anakunja na kukunjua pindo la shati lake. Mkewe, Irena, ndiye aliyesema.

"Hanijui mimi, hawajui wanawe. Nyinyi angalau mnakumbuka kwamba mlishinda. Nahodha, ulimwona siku ile. Ukamgeuza."

Emmett aliona aibu hadi akashindwa kuinua macho. Moyo wake ulimtuma kwa Casimir, kisha ukamsuta: unampa kwa alichokifanya, au unajinunulia usingizi? Na mtu asiyejua alishinda, mpira huo atauonaje? Lakini akimpa Lonnie, nani aliyemlinda Lonnie? Akimpa Roscoe, Roscoe angedaka nini?

Akaunyoosha mpira mbele yake kwa mikono miwili. Lonnie akanyoosha mkono wake mzima. Roscoe akanyoosha yake yote miwili. Na Casimir, bila kuambiwa na mtu, akainuka na kusimama mbele ya Lonnie, kifua mbele, akisubiri kugongwa.

Mimi naishia hapo, na msinitazame hivyo. Emmett angali amesimama na mpira. Ungekuwa wewe, ungeuweka mikononi mwa nani?