Hodi Kwenye Mlango wa Daraja la Kwanza

Hapo zamani za kale, na msiniulize ni zamani ipi, maana hata mimi nilipouliza nilifukuzwa jikoni, wanyama walikuwa na nyumba zao, mabegi yao na uwanja wao wa ndege. Ndiyo, uwanja wa ndege! Unacheka nini wewe wa nyuma? Ulitaka Tembo atembee kwa miguu mpaka lini?

Uwanja huo ulikuwa juu milimani, kwenye baridi na ukungu. Abiria wa kawaida walingojea katika ukumbi mkubwa wenye mabenchi ya chuma na madirisha yasiyofungika. Upepo ukiingia, vuuu! meno yanagongana. Lakini pembeni palikuwa na mlango mmoja wa mbao uliong'arishwa ukang'aa. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha mapumziko cha abiria wa daraja la kwanza. Humo mlikuwa na makochi, zulia, jiko la kuota moto, na supu ya maboga iliyokuwa ikitoa mvuke.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, ndege ikachelewa. Kwenye benchi la chuma walikaa Sange na bibi yake. Sange mnamjua? Ni kamnyama kadogo kama ngumi, kana pua ndefu kama mrija na miguu isiyotulia. Basi Bibi yake alikuwa mdogo zaidi, maana uzee umeshampunguza.

"Kho! Kho! Kho!" Bibi akakohoa.

"Pole, Bibi," Sange akasema, akamfunika kwa shuka lake mwenyewe.

"Si kitu, mume wangu," Bibi akasema, maana ndivyo alivyozoea kumtania mjukuu wake. "Ni kifua tu kinajisemea."

Lakini kilikuwa kitu. Korongo, mhudumu wa ndege, alikuwa amepita na kusimama mbele yao kwa mguu mmoja.

"Bibi, ukikohoa hivi saa ya kupanda, sitakuruhusu. Mgonjwa hasafiri angani. Tafuta mahali pa joto, kifua kitulie, la sivyo utarudi nyumbani."

Kurudi nyumbani! Wanangu, Bibi alikuwa anakwenda kumwona binti yake aliyeolewa ng'ambo ya ziwa. Tangu aolewe hawajaonana. Na sasa binti amejifungua, anamwita mama yake aje kumpakata mtoto. Bibi alikuwa ameuza kuku wake wote kwa ajili ya tiketi ile. Akikosa safari hii, hana nyingine.

Sange akautazama mlango unaong'aa. Pua yake ikacheza, kru kru kru.

"Bibi, mle ndani kuna moto."

"Najua. Lakini hatujakaribishwa. Mimi tangu nizaliwe sijavuka kizingiti cha mtu bila kuambiwa karibu, na leo sianzi."

"Hata kama unakufa kwa baridi?"

"Nitakufa na heshima yangu. Kho! Kho!"

Sange akaruka chini, pi pi pi pi, mpaka mlangoni. Hapo alisimama Kiboko, bawabu, kajaza mlango wote. Alivaa koti la buluu lenye vifungo vya dhahabu, na tumbo lilikuwa likigombana na vile vifungo.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Tiketi."

Sange akaonyesha.

"Daraja la kawaida," Kiboko akasema. "Rudi kwenye benchi."

"Bibi yangu ni mgonjwa."

"Pole yake. Sheria hazina bibi."

"Lakini makochi ni matupu! Nimechungulia. Wako watatu tu, Simba, Kifaru na Bi Tembo!"

"Makochi yakiwa matupu, yamekuwa matupu kwa sheria." Kiboko akakohoa kidogo, akaimba kama mtoto wa shule: "Anaingia mwenye tiketi ya daraja la kwanza ya leo. Mwenye tiketi ya jana haingii. Mwenye kujifanya haingii. Kila abiria wa daraja la kwanza anaruhusiwa mgeni mmoja, anayesafiri naye kwa ndege hiyohiyo. Mgeni wa pili haingii. Nimemaliza."

Masikio ya Sange yakasimama.

"Mgeni mmoja? Sisi sote tunasafiri kwa ndege hiyohiyo."

"Lakini nyinyi si wageni wa mtu."

"Na wewe unamjuaje mgeni wa mtu?"

"Aliyekaribishwa na abiria mwenyewe. Na nisikie kwa masikio yangu haya." Kiboko akayatikisa masikio yake madogo. "Usije ukaniambia umekaribishwa ndotoni."

"Ahsante, Bwana Kiboko. Umenifundisha vizuri."

Kiboko akafurahi. Hakuna aliyewahi kumshukuru kwa sheria zile.

Sange hakuondoka mbali. Alinusa. Akasikia vyungu vinafunuliwa, akasikia vijiko, kling kling. Akangoja mpaka harufu ikamwambia kwamba supu imeshapakuliwa na maandazi yameshaingia midomoni. Akamkimbilia Bibi, akamshika mkono, akamsimamisha mbele ya mlango.

"Simama hapa, Bibi. Usiseme kitu."

Kisha akavuta pumzi na kupaza sauti, sauti ileile ya mtu aliyefika nyumba ya jirani jioni:

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Na ndani Kifaru, shavu limejaa andazi, macho yake mabovu kwenye bakuli, bila kuinua kichwa, bila kufikiri, kama alivyozoeshwa na mama yake tangu anatambaa, akajibu:

"Karibuuu!"

Nani kati yenu angejibu vingine? Haya, inueni mikono. Mnaona!

Kiboko alifungua mdomo wake mkubwa akaufunga.

"Nimesikia," akasema polepole. "Ni sauti ya Kifaru. Mgeni mmoja. Pita, Bibi."

"Starehe, starehe," Bibi akasema, akaingia kwa adabu, ndala zake mkononi ili asichafue zulia.

Kifaru aliinua kichwa. Aliona kitu kidogo cha kijivu kinamjia, akakaza macho. Alitaka kuuliza, "Wewe nani?" Lakini Bibi alikuwa ameshamfikia, na kwa ukubwa wake wote Kifaru alijua la kufanya mbele ya mvi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na mama yako, hajambo?"

Kifaru akaweka kijiko chini. Ilikuwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza habari za mama yake. Wengi walimuuliza habari za pembe.

"Hajambo kidogo," akajibu. "Miguu inamsumbua."

"Mpake mafuta ya nyonyo, umkande na maji ya moto. Kho! Kho!"

Kifaru akasogeza bakuli lake. "Kunywa, Bibi. Kaa hapa karibu na moto."

Bibi akapanda kwenye kochi, na kochi lile lilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi Bi Tembo amsaidie kwa ncha ya mkonga. Akaanza kunywa. Fyuu, fyuu. Kikohozi kikapungua.

Sasa, hadithi ingeishia hapa kama Sange angejua kufunga mdomo. Lakini mjanja ana ugonjwa wake: akifaulu, lazima amwambie mtu. Akamvuta Kiboko koti.

"Hi hi hi! Umeona? Hata hakuangalia! Ukimpigia hodi mtu mwenye andazi mdomoni, atasema karibu hata kwa mwizi! Nimewapiga bao wakubwa wote, hi hi hi!"

"Nani kampiga nani bao?"

Sauti hiyo ilitikisa madirisha. Simba alikuwa nyuma ya mlango, kaja kudai chumvi. Akageuka, akanguruma ndani ya chumba:

"Nguuurrr! Kifaru! Umefanywa mjinga! Huyu bibi si mgeni wako, ni hila ya huyu panya mwenye mkonga! Umesema karibu kwa mazoea tu!"

Kijiko cha Bibi kikasimama hewani.

Aliweka bakuli chini taratibu. Hakumtazama Simba. Alimtazama Sange, aliyekuwa amesimama kizingitini, kicheko kimekauka mdomoni.

"Ni kweli, mume wangu?"

Sange alitaka kudanganya. Uongo ulikuwa tayari, mzuri kabisa. Lakini si kwa Bibi.

"Kweli, Bibi. Hakukukaribisha. Nilimfanya aseme."

"Kumbe nimekaa kwenye kiti cha mtu na kunywa supu yake, na hajaniita." Bibi akatelemka kwenye kochi, puu, karibu aanguke. Akatafuta ndala zake. "Nisameheni, wanangu. Nilisikia karibu, nikaamini. Twende kwenye benchi letu."

"Bibi, kifua chako! Korongo hatakuruhusu!"

"Basi nitarudi nyumbani. Mwambie binti yangu nilijaribu."

Hapo Sange akalia. Simwonei haya, nawaambia wazi: alilia mpaka pua yake ndefu ikadondosha machozi kwenye zulia. Alikuwa amemwingiza Bibi kwa akili zake zote, na mdomo wake mwenyewe ndio uliomtoa.

"Nifokee mimi!" akamwambia Simba. "Nifukuze mimi, nitakaa nje hata kwenye lami! Yeye hakujua!"

Kiboko alikuwa anatazama vifungo vyake. Sheria zake zote alizikumbuka, lakini hakuna hata moja iliyosema afanye nini sasa.

Kifaru akainuka. Sakafu ikalia, gudu, gudu, gudu. Akamfikia Bibi mlangoni, akainamisha kichwa mpaka pembe ikagusa zulia.

"Bibi," akasema, "nilijibu bila kufikiri, hilo kweli. Lakini sasa nimemeza andazi, na nimekuona. Rudi ukae. Karibu."

Bibi akamtazama. "Unasema wewe, au wanakusemesha?"

"Nasema mimi. Supu inapoa."

"Bwana Kiboko, umesikia?" Bi Tembo akauliza.

"Nimesikia," Kiboko akajibu haraka, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida.

"Basi sikia na hili. Mimi pia nina mgeni mmoja, sijamtumia miaka yote ninayosafiri." Bi Tembo akanyoosha mkonga, akamfuta Sange machozi, nusura amng'oe pua. "Wewe mtukutu, karibu ndani. Na ukicheka tena, nitakukalia."

Bibi akarudi kwenye kochi, na Sange akaingia mbio, akajisonga ubavuni mwake.

Simba akabaki amesimama, manyoya yake ya shingoni yamevimba.

"Mimi sidanganyiki! Mimi simkaribishi mtu! Leteni chumvi!"

Akakaa, akajaza mdomo supu. Na saa hiyohiyo, huko nje, Mama Swala aliyekuwa na mtoto mgongoni, ambaye hakujua lolote ila aliona mlango uko wazi na moto unawaka, akaita kwa woga:

"Hodi?"

"Karibuuu!" Simba akajibu. Kisha akajipiga mdomo kwa kiganja, pwa! Supu ikamtoka puani.

"Nimesikia!" Kiboko akapiga kelele. "Mgeni mmoja!"

"Ana mtoto! Hao ni wawili!"

"Mtoto wa mgongoni hahesabiwi," Kiboko akasema. Sijui kama sheria hiyo ilikuwepo kabla ya siku hiyo, lakini aliisema kwa sauti ya sheria.

Bi Tembo alicheka mpaka vikombe vikagongana. Kifaru alicheka. Simba alikunja uso, akaukunja, halafu mtoto wa Swala akamshika ndevu, na uso ukamkunjuka wenyewe. Akasogea akampisha Mama Swala kwenye kochi.

Bibi akamaliza supu, akaomba kidogo tena. Jiko likawaka. Akalala, kichwa chake juu ya bega la Sange, na kikohozi kikalala naye.

Ukungu ulipoondoka, Korongo alikuja kuwaita. Akainamisha shingo yake ndefu, akatega sikio kwenye kifua cha Bibi. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule.

"Panda, Bibi," akasema.

Wakatoka wote, wakubwa na wadogo, ndani ya upepo. Kifaru alitembea upande unakotoka upepo ili usimfikie Bibi. Lakini kabla hawajatoka, Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Kiboko alikuwa pale pale, na koti lake, na vifungo vyake.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "wewe hukukaa hata kidogo. Hakuna aliyekukaribisha?"

"Mimi sina tiketi, Bibi. Mimi wa mlangoni."

"Basi siku ukija kwetu usipige hodi. Ingia tu."

Kiboko akatazama chini, mahali Bibi alipokuwa, chini kabisa.

"Bibi, mlango wenu mdogo. Mwili huu utaingiaje?"

"Ukishindwa kuingia," Bibi akasema, "sisi tutatoka tukae nje na wewe."

Ndege ikaondoka, ikawa kitone, ikapotea. Kiboko alibaki akiitazama muda mrefu, na mlango nyuma yake alisahau kuufunga.

Hadithi yangu imefika kituoni, na funzo lake ni hili: ukisema karibu, iseme na moyo wako pia, kwa maana aliye mlangoni ameiamini.